Jumatatu za Kimya

Kikapu kilichoanzisha haya yote kiliishia kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jengo letu la Langley Park, Maryland, na aliyekitupa ni mama yangu mzazi. Nilikuwa nimeshuka tu kwenye basi la kutoka chuoni nilipomkuta anarudi kutoka huko nyuma, anakung'uta viganja kama mtu aliyemaliza kutoa panya aliyenaswa.

"Kuna mtu ameacha kitu hapo kwa mlango," akaniambia. "Hakuna jina. Ndani kuna mshumaa. Na picha yako, imefungwa na ribbon! Nimekemea, nikatupa."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikakimbilia kwenye lile pipa, lakini lilikuwa refu kuliko mimi na kikapu kimeshazama. Ilikuwa zawadi yangu. Wiki ile ilikuwa wiki ya zawadi katika chama cha akina dada nilichojiunga nacho mwaka wangu wa kwanza pale chuoni College Park. Kila msichana mpya hupewa dada mkubwa kutoka kwa waliomtangulia, na kwa siku kadhaa dada huyo humwachia vitu mlangoni bila kujitaja, mpaka jioni ya kufichuliana ambapo watu hukumbatiana na kulia machozi ya bure. Ni mchezo tu. Lakini mwambie hivyo mwanamke aliyesoma shule ya bweni huko Kenya enzi ambazo kila kishindo bwenini kilisemekana ni cha waabudu shetani. Mama alikuwa ameshajua kwamba chama changu kina herufi za Kigiriki, magauni meupe, na nyimbo ambazo haziimbwi mbele ya wageni. Alichokuwa amekosa ni ushahidi, na sasa ushahidi umeletwa mpaka mlangoni.

Mimi nilikuwa nimeshakipenda chama kile, wala sitaki kujifanya vinginevyo. Mwanzoni nilicheka. Kabla ya kuchaguliwa unazungushwa kwenye nyumba za vyama, moja baada ya nyingine, mwezi wa tisa, jua bado linachoma, viatu vinakubana, na kila mlango ukifunguliwa unakuta wasichana wamepangana kuanzia ngazini mpaka kizingitini wanaimba na kupiga makofi, utadhani mbunge amekuja kufungua zahanati. Nikajisemea, hawa watu wana wazimu. Kisha nikafika kwenye nyumba moja ya matofali mekundu, na msichana aliyeketi nami hakuniuliza Kenya kuna simba wangapi. Alinitazama, akaniambia nivue viatu chini ya meza, hakuna atakayeona. Tukaongea habari za kuku. Baba yake anafuga kuku ng'ambo ya ghuba, upande wa mashambani wa Maryland, na yeye mwenyewe anasomea mifugo. Siku ya matokeo, wapya wote hufungua bahasha kwa pamoja uwanjani, kisha hukimbia kwenye nyasi kuelekea nyumba iliyowachagua, huku wenye nyumba wanapiga vigelegele vya kwao, vile vikali visivyo na ulimi. Mimi nilikimbia pekupeku, viatu mkononi. Huyo wa kuku ndiye aliyekuja kuwa dada yangu mkubwa, na ndicho kikapu chake kilichotupwa.

Nilipomweleza kilichotokea, ile jioni ya kufichuliana, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama yako yuko sawa," akasema. "Mimi pia ningekitupa. Mwambie aje atuone."

Sasa nieleze habari za mama. Alikuwa msaidizi wa wagonjwa katika nyumba ya wazee, kazi ya usiku: kugeuza watu, kuogesha, kubadilisha shuka. Kwa miaka mingi alisomea uuguzi jioni, somo moja moja, mpaka akamaliza. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa leseni, na alikuwa ameshaufanya mara moja akaanguka. Tangu siku hiyo kitabu chake kinene kilikuwa kinahama kutoka meza ya jikoni kwenda juu ya friji, na kutoka juu ya friji kurudi mezani, bila kufunguliwa. Alitaka kupita kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, na haikuwa habari ya mshahara peke yake. Alichoka kumwona mgonjwa anabadilika mbele ya macho yake, kisha aanze kukimbia korido nzima kumtafuta mtu mwenye ruhusa ya kufanya jambo. Na kila simu kutoka Nakuru ilikuwa na swali lile lile: umekuwa nesi sasa? Alikuwa akijibu, "Karibu, karibu," mpaka neno lenyewe likaanza kumchoma.

Na nyumba yetu, ingawa tuliishi wawili tu, haikuwa ya kusomea. Mchana, wakati yeye analala, mashine za kujenga reli mpya zilikuwa zinapasua barabara chini ya dirisha letu. Jioni watoto wa ghorofa ya juu walicheza mpira sebuleni kwao, jirani wa chini alifungua muziki, na akina mama wa kanisa walipiga simu za maombi ambazo haziishi. Alikuwa akikaa na kitabu, anasoma mstari huo huo, kisha anakifunga na kwenda kukanda unga.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Jumatatu iliyofuata baada ya kikapu alivaa koti, akachukua bakuli la chapati, akaniambia ingia kwa gari. Njiani nilimwona anapapasa mkoba. Nilijua kilichomo: kichupa cha mafuta ya upako.

"Mama, tafadhali usini-embarrass."

"Sitasema kitu. Naenda kuona na macho yangu."

Tulipofika kwenye ile nyumba ya matofali mekundu, kabla sijabonyeza kengele alishapaka mafuta kwenye mlango, juu, katikati na chini, midomo ikimchezacheza. Bahati mbaya au nzuri, alipaka kwenye bawaba. Mlango ukafunguliwa na dada yangu mkubwa, akaurudisha, akaufungua tena, akamtazama mama kwa furaha ya kweli.

"Umeutia mafuta? Asante sana! Huu mlango umetulilia tangu kiangazi."

Mama akakirudisha kichupa mkobani. Katika maombi yake yote ya kukemea, nadhani hakuwahi kushukuriwa papo hapo namna ile.

Ndani tulikuta saa za kusoma. Hiyo ni mila ya nyumba ile, ya zamani kuliko yeyote aliyekuwa akiishi humo: kila Jumatatu, baada ya chakula cha jioni, simu zote hutiwa kwenye kapu la nguo pale mlangoni, watu huketi kwenye meza ndefu ya kulia, na hakuna anayesema neno mpaka kengele ndogo ilie kwa ajili ya chai. Baada ya chai, kimya tena. Hata mwenyekiti wa chama hasemi. Dada mkubwa alimnong'oneza mama kwamba hakuna ruhusa ya kusimama, akamvutia kiti. Mama akatia simu yake kapuni, akaketi, akaanza kuzungusha macho. Alikuwa anatafuta madhabahu. Aliona vitabu vya kemia, vikombe, na wasichana wenye nywele zilizofungwa hovyo wakitafuna kalamu.

Alikaa na mikono mapajani mpaka mwisho. Mimi sikusoma chochote, nilikuwa namchungulia. Nilidhani amechukizwa. Tulipoingia kwenye gari aliwasha, akazima, akabaki ameshika usukani.

"Kumbe kuna mahali pako kimya hivi," akasema. "Hapa hapa, na sikujua."

Jumatatu iliyofuata alikuja na kile kitabu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumatatu yake ya tatu waliliandika jina lake kwenye zamu za kuosha vikombe, na hapo nikajua wamempenda. Walimwita Mama, wote, hata wale ambao mama zao walikuwa wanaishi Bethesda dakika chache kutoka pale. Wakati wa chai dada mkubwa alichukua kitabu chake na kumtahini. Maswali ya mtihani ule yana ujanja wake: unapewa wagonjwa wanne, kila mmoja na shida yake, uambiwe nani wa kwanza. Mama alikuwa anachagua kwa moyo.

"Huyu bibi analia na hakuna mtu amekaa na yeye," akasisitiza siku moja kwa Kiingereza chake cha kanisani. "Naanza na yeye."

"Mama, huyu wa pili hapumui vizuri."

"Najua. Lakini soma vile wameandika juu ya huyo bibi!"

"Mtihani unataka pumzi kwanza. Bibi utamrudia. Nakuahidi utamrudia."

Dada mkubwa alikuwa na subira ambayo mimi, mtoto wa kuzaliwa, sikuwa nayo. Mimi ningeshapandisha sauti. Yeye alizoea kuku wasiosikia, labda. Juma baada ya juma alimrudisha mama kwenye pumzi, kisha damu, kisha maumivu, mpaka mama akawa anamkatiza kabla hajamaliza kusoma swali. Niliwatazama na kuwapenda wote wawili.

Mwaka wa chama ukaendelea kuzunguka, na mama ndani yake. Kwenye chai ya waasisi, wanachama wa zamani walirudi na pini zao zimebandikwa juu ya moyo, wengine wakikokota vigari vya kutembelea, wakaimba nyimbo zote bila kukosa neno. Mama, aliyekuja kusaidia kupanga vikombe, alimketisha bibi mmoja aliyekuwa anatetemeka, naye bibi akamwonyesha kona aliyokuwa akisomea ujanani. Ilikuwa kona ile ile ya meza anayoketi mama kila Jumatatu. Mama aliirudia habari hiyo kwenye gari, na nyumbani, na kesho yake kwenye simu ya maombi. Majira ya baridi tulifunga soksi na sabuni kwa ajili ya wanawake walioko kwenye makazi ya dharura, na mwenyekiti wetu, msichana mkali mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alirudisha mafurushi yaliyofungwa vibaya. "Ukimpa mtu zawadi mbovu umemtukana," alisema. Mama akaniminya kiwiko: huyo angeolewa Kenya asingekosa kazi ya uchifu.

Kitu kimoja tu mama hakukikubali, nacho ni mshumaa.

Mshumaa ule ni hivi. Mwanachama akipata habari njema kubwa, haitangazi. Humnong'oneza mwenyekiti peke yake, naye huita duara bila kutaja ni la nani. Taa huzimwa, watu husimama wameshikana mabega, wimbo wa chini chini unaanza, na mshumaa mmoja unapita mkono kwa mkono. Mzunguko wa kwanza ni wa heri tu, hakuna anayeuzima. Wa pili ni wa kazi, shule au mtihani. Wa tatu ni wa uchumba. Mwenye habari akipitiwa na mshumaa kwenye mzunguko wake, anaupuliza, na mshumaa unakuwa wake. Nilikuwa nimeuona mara moja, mwezi wa kumi na moja, msichana mmoja alipopata nafasi ya kusomea udaktari, na mayowe yaliyofuata yalinitoa machozi.

"Kwa nini mshumaa?" mama aliuliza wakati wa chai. "Si aseme tu, nimepata?"

"Ukisema tu, watu wanasikia mara moja, basi imekwisha," dada mkubwa akamjibu. "Hivi, kila mtu anakusubiri. Kila mtu anatamani iwe yako."

Mama alinywa chai yake. "Bado sipendi giza," akasema.

Alifanya mtihani majira ya kuchipua, kule Alexandria, mji wa hapa jirani, wiki moja kabla ya wikendi ya akina mama. Mimi ndiye niliyempeleka na kumsubiri kwenye maegesho. Mtihani ule hufanywa kwenye kompyuta, na kompyuta ikiona imekujua ya kutosha hujizima, haikuambii umefaulu au umeanguka. Alitoka akitembea polepole.

"Imezima," akasema.

"Mapema ama late?"

"Imezima tu. Wacha."

Matokeo hutoka baada ya siku chache. Sikumuuliza siku ya kwanza. Nilipomuuliza baadaye alikuwa anachagua maharagwe, hakuinua uso. "Hebu weka maji kwa jiko," akanijibu. Nilipoangalia mezani kitabu hakikuwepo. Kilikuwa juu ya friji, kimefunikwa kitambaa. Nikajua basi. Mara ya kwanza alipoanguka alianza vivyo hivyo, kwa kukifunika. Niliingia bafuni nikafungua bomba nikalia, nikamkasirikia Mungu, nikaikasirikia kompyuta, nikawakasirikia wale mafundi wa reli.

Nilimpigia dada mkubwa. "Amekwambia ameanguka?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi usizike mtu anayepumua," akaniambia. Nilimwona mjinga.

Sikutarajia mama aje kwenye wikendi ya akina mama, lakini alikuja, na kitenge chake cha harusi za watu na kilemba. Akina mama walikuwa wengi, kila mmoja na msichana wake. Kulikuwa na keki ndogo, na picha bustanini, na shindano la mama na binti kupamba kofia, ambalo tulishindwa vibaya kwa sababu hatukuelewana hata rangi. Alicheka panapostahili. Lakini nilimjua, nilimwona anashusha pumzi mara kwa mara, nami nikawa nasubiri ile siku iishe nimrudishe nyumbani alale.

Kabla hatujaaga, mwenyekiti alisimama na mshumaa.

Chumba kizima kilishtuka kwa raha. Macho yote yalimwendea dada mkubwa, kwa sababu mpenzi wake alikuwa amekuja wiki ile kutoka mbali akiwa amenyoa vizuri mno. Mapazia yakafungwa, taa ikazimwa, tukafanya duara moja kubwa, mabinti na akina mama. Mama alikuwa kulia kwangu. Nilihisi bega lake limekakamaa, nikafikiri ni lile giza.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Uso wa mama ulimulikwa kidogo, kisha ukarudi gizani.

Wa pili ukaanza. Ulipofika kwa mama nilitazama sakafu. Nilisema moyoni, Mungu, nisaidie nisitumaini. Nikasikia amevuta pumzi. Kisha mkono wake ukaupitisha mshumaa kwangu, ukiwaka vile vile. Niliupokea. Nta ilinidondokea kidoleni nikashukuru kwa sababu ilinipa sababu ya kukunja uso. Nikampa aliyefuata. Ilikuwa imekwisha.

Mzunguko wa tatu. Sasa watu walianza kukanyagana miguu, maana ni wa pete. Mshumaa ukafika kwa dada mkubwa, akatabasamu, akaupitisha. Duara likaguna. Ukaja, ukaja, ukafika kwa mama yangu, na mama yangu akaupuliza.

Sijawahi kusikia kelele ya namna hiyo. Taa haijawashwa vizuri, wasichana walishamvamia, wakamkamata mkono wa kushoto kuitafuta pete. "Mama! Nani? Ni nani?" Mama mmoja asiyemjua alikuwa analia begani kwake. Mimi nilibaki nimesimama nikiwahesabu wanaume anaowajua: mchungaji, na dereva wa kanisa, na mzee mmoja wa kwaya.

Mama aliinua ule mkono juu ili wauone wote. Haukuwa na pete. Ulikuwa mkono wake tu, na ngozi iliyopasuka kwa sabuni ya kazini.

"Hakuna mwanaume," akasema kwa sauti nyembamba. "Nimepita. Mimi ni nesi."

Kisha wakapiga mayowe ambayo hakuna pete iliyowahi kupigiwa katika nyumba ile. Dada mkubwa alimnyanyua mama kutoka sakafuni, kilemba kikaanguka, na mimi nikainama kukiokota. Nilisikia mwenyekiti mkali akipaza sauti huku anafuta macho kwamba alimweleza mama waziwazi, mzunguko wa pili, mara tatu alimweleza.

"Nilijua ni wa pili," mama akajitetea. "Lakini mimi ni mgeni hapa. Nikasema, ngoja kwanza, labda kuna mtoto wa hii nyumba ako na habari yake, siwezi kumzimia taa. Nikapitisha. Sasa ikarudi, hakuna mtu amechukua. Mlitaka niende nayo Langley Park?"

"Wewe si mgeni," dada mkubwa akamwambia. "Unaosha vikombe."

Kwenye gari nilimgombeza. Kwa nini alinificha, kwa nini alikifunika kitabu, alijua nililia? Alikuwa ameupakata mshumaa kama yai. "Nikikwambia kwa jikoni, ungesikia mara moja," akasema, "basi imekwisha."

Jumatatu iliyofuata alikuja bila kitabu. Alitia simu kapuni, akaketi kwenye kona yake, kando yangu. Nilikuwa na mtihani wa hesabu wiki ile na mambo hayakuwa mazuri. Kwa kuwa hairuhusiwi kusema, niliandika pembeni mwa daftari: Mtihani wako umekwisha. Umekuja kufanya nini?

Alivaa miwani, akasoma, akachukua kalamu yangu. Aliandika chini yake kwa mwandiko wake wa shule ya bweni: Mlikaa na mimi. Sasa ni zamu yangu.

Kisha akaweka mikono mapajani, kama ile Jumatatu ya kwanza, akakaa hivyo mpaka nikamaliza.